Drili ya zamani ikikata roho: kuifufua, kununua nyingine ya waya, au kuhamia kwenye betri

Drili yangu ilikata roho Jumamosi moja asubuhi, nilipokuwa nikitoboa tundu la bawaba kwenye mlango wa kabati la mninga. Haikuzimika ghafla. Mlio wake ulianza kupanda na kushuka kama pumzi za mtu aliyepanda mlima, kisha ndani ya matundu ya hewa nikaona duara zima la cheche, na mwishoni ikaja harufu ya vanishi iliyoungua, ambayo aliyewahi kuinusa hawezi kuichanganya na harufu nyingine. Nilikuwa nimeishi nayo miaka 17. Ilitoboa kitanda walicholalia wanangu wote watatu, rafu za vitabu vyangu, na fremu za madirisha ya nyumba ya mama mkwe, na katika miaka yote hiyo nilikuwa nimeifungua mara moja tu, kwa ajili ya kubadilisha kaboni, vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye mota inayozunguka.

Nilizipima njia tatu zilizokuwa mbele yangu, na ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya fundi wa ridhaa kama mimi, yaani mtu anayefanya useremala kwa mapenzi siku za mapumziko na ambaye mkate wake hautegemei mashine hiyo. Hesabu yake si sawa na ya fundi wa mtaani. Fundi wa mtaani hupoteza kipato kila siku ambayo mashine imelala, na kwa hiyo mara nyingi hana budi kununua kinachopatikana siku hiyo hiyo. Fundi wa ridhaa anaweza kungoja spea kwa mwezi mzima bila mtoto wake kukosa ada, na uwezo huo wa kungoja hubadilisha jibu.

Mapenzi kwa chombo cha kazi si jambo la kuonea haya. Mkono ulioizoea drili moja hutambua kwa mlio kwamba biti inakaribia kutokea upande wa pili wa ubao, na hupunguza msukumo kabla ubao haujachanika. Kidole hujua kiasi cha kubana swichi ili biti ianze taratibu bila kuteleza, na bega hujua mzigo ambao mashine itaubeba na ule ambao itaukataa. Ujuzi huo umelipiwa kwa mbao nyingi zilizoharibika, na unastahili nafasi katika hesabu. Ila nafasi yake ni baada ya kujua ni kitu gani hasa kilichokufa, kwa sababu mapenzi yakitangulia mtu hulipia matengenezo ya sehemu isiyotengenezeka, na hasira ikitangulia hutupa mashine nzima kwa ajili ya kaboni mbili zilizokwisha.

Kwanza, ni nini kilichokufa?

Drili ya waya ni chombo chenye sehemu chache. Umbo lake la bastola, lenye mshiko na swichi ya kidole, lilipatiwa hataza na kampuni ya Black & Decker ya Marekani mwaka 1917, na mpangilio wa ndani haujawa mgeni tangu wakati huo: koili mbili zilizotulia pembeni, amecha inayozunguka katikati, kaboni mbili zinazopeleka umeme kwenye vipande vya shaba vilivyo shingoni mwa amecha, beringi, gia, swichi na waya. Kila sehemu ina namna yake ya kufa, na anayesikiliza vizuri anaweza kukisia kabla hajashika bisibisi.

Mashine ikizimika kabisa bila harufu wala cheche, chomoa plagi na uanze na yaliyo rahisi. Fyuzi iliyo ndani ya plagi ya miguu mitatu huungua na kumfanya mtu aamini kwamba mota imekwenda. Waya nao hukatika ndani ya ganda lake, hasa pale unapoingia kwenye mshiko, mahali unapokunjwa kila siku. Mashine ikifufuka unapoigonga au kuiinamisha, kaboni zimekwisha au springi zake zimechoka. Ikipiga kelele ya kukwaruza na biti ikayumba, tazama beringi. Mota ikivuma huku biti haizunguki, gia imekatika meno.

Cheche ndogo za buluu chini ya kaboni ni za kawaida na hazipaswi kumtisha mtu. Zikigeuka kuwa pete ya moto inayoizunguka shaba yote, na pamoja nazo ikaja harufu ya vanishi, basi nyaya za amecha zimegusana ndani kwa ndani, na hapo ndipo swali la kufufua au kuzika linapoanza kuwa gumu.

Kuifufua

Kama kilichokufa ni fyuzi, waya, swichi, kaboni au beringi, sioni mjadala: itengeneze. Kaboni ndiyo sehemu iliyowekwa makusudi ili iishe badala ya shaba, na kuibadilisha kunachukua muda mfupi kuliko safari ya kwenda dukani. Zikibaki milimita 5 au 6 zitoe zote mbili kwa pamoja. Ukikosa saizi yako, nunua iliyo kubwa kidogo na uisugue kwa msasa juu ya kioo hadi iteleze ndani ya nyumba yake bila kubana wala kucheza, kisha uiache mashine izunguke bila mzigo dakika kadhaa ili uso wa kaboni ujichonge kulingana na mviringo wa shaba. Beringi nazo zina namba ubavuni, na nyingi ni za saizi zinazouzwa kila mahali. Ile ya 608, kwa mfano, yenye tundu la milimita 8 na kipenyo cha nje cha milimita 22, ndiyo hiyo hiyo inayotumika kwenye viatu vya magurudumu. Ukishaifungua, futa grisi iliyokauka kwenye gia na uweke mpya.

Amecha ni habari nyingine. Zipo njia tatu za kuirudisha, na hazilingani kwa ubora. Iliyo bora ni kupata amecha mpya ya mashine ile ile. Kwa mashine ya miaka 17 njia hiyo mara nyingi imeshafungwa, kwa sababu mtengenezaji amehamia kwenye matoleo mengine. Inayofuata ni kuitoa kwenye drili pacha iliyokufa kwa sababu nyingine, kama vile kupasuka ganda au kuvunjika gia, na hapa fundi wa ridhaa ana nafasi nzuri kwa kuwa anaweza kuacha maelezo kwa mafundi wa spea na kungoja. Kabla ya kulipa, hesabu meno ya gia iliyochongwa kwenye ncha ya amecha, pima urefu wote, kipenyo cha shaba na mahali pa beringi, kwa maana amecha mbili zinaweza kufanana machoni na zikatofautiana jino moja, na jino hilo moja litakula gia yote.

Ya tatu ni kuisuka upya. Ninawaheshimu sana mafundi wa kusuka mota, na kwa mota ya pampu ya maji au ya mashine ya kusaga nafaka ningewapelekea bila kusita. Lakini amecha ya drili ni ndogo, waya wake ni mwembamba, na huzunguka maelfu mengi ya mizunguko kwa dakika kabla gia hazijapunguza kasi hiyo. Kwa kasi ya namna hiyo, uzito kidogo uliozidi upande mmoja huwa nyundo inayozipiga beringi, na waya usioloweshwa vanishi sawasawa hutanuka kwa msukumo wa mzunguko hadi ukakwaruza koili za pembeni. Fundi niliyempelekea yangu aliniambia mwenyewe, kwa uaminifu ambao sitausahau, "Mzee, kusuka nitasuka, ila kuibalansi sina mashine." Nilimwomba aisuke hata hivyo. Ilizunguka miezi minne, ikitetemeka mkononi kiasi cha kuniacha na ganzi vidoleni, kisha beringi ya nyuma ikafa. Kwa hiyo nasema kutokana na nililolilipia: usisuke amecha ya drili isipokuwa fundi anaweza kuisawazisha uzito, au mashine yenyewe ni ya kazi nyepesi za hapa na pale.

Kwa upande wa gharama, ninajiwekea mpaka kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ya drili mpya ya daraja lile lile, ninaacha. Nasisitiza daraja lile lile. Kulinganisha gharama ya kutengeneza mashine nzuri ya zamani na bei ya mashine dhaifu mpya ni kulinganisha vitu viwili visivyofanana, na ndiko kunakowafanya wengi wazike mashine zilizostahili kuishi.

Lipo sharti moja ambalo silegezi, nalo ni la usalama. Mashine mpya nyingi zina alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake zina kinga mbili dhidi ya umeme na waya wake hauhitaji uzi wa ardhi. Mashine nyingi za zamani zenye ganda la chuma zinautegemea uzi huo. Kama drili yako ya urithi ni ya chuma, na mtu fulani huko nyuma alishabadilisha waya akaweka wa nyuzi mbili tu, basi siku nyaya za ndani zikigusa ganda, mkono wako ndio utakaokuwa njia ya umeme kwenda ardhini. Mpelekee fundi umeme mwenye mita apime kabla ya kuitumia tena, na ikishindikana kurudisha uzi wa ardhi na soketi yenye ardhi ya kweli, iweke kabatini kama ukumbusho na usiichomeke kamwe.

Kununua nyingine ya waya

Kwa mtu mwenye banda la useremala na soketi karibu, hili ndilo jibu ninaloliamini zaidi pale amecha inapokuwa imeungua. Sababu yake kubwa haizungumzwi vya kutosha: fundi wa ridhaa hufanya kazi kwa misimu. Atatoboa kila jioni kwa wiki tatu, kisha mashine italala miezi mitano. Drili ya waya hailalamikii usingizi huo. Ukiihifadhi mbali na unyevunyevu na panya wanaotafuna waya, utaikuta kama ulivyoiacha.

Unaponunua, usivutwe na wati peke yake. Drili ya kawaida ya waya huzunguka hadi kiasi cha mizunguko 2,800 au 3,000 kwa dakika bila mzigo, kasi inayofaa biti nyembamba na chuma chembamba, lakini iliyo kubwa mno kwa tundu la milimita 35 la bawaba za ndani za kabati. Tundu hilo linataka kasi ndogo yenye nguvu, na kwa kubana swichi nusu tu mota hupoteza nguvu pamoja na kasi, feni yake hupunguza mwendo, na joto hupanda. Natazama nyuma na kuona kwamba yangu niliiua mwenyewe kwa njia hiyo, kwa kulazimisha matundu makubwa kwenye mninga mkavu, moja baada ya jingine, bila kuiacha izunguke mtupu walau dakika moja ijipoze. Kama kazi zako ni za matundu makubwa, tafuta drili yenye gia mbili, hata kama wati zake ni chache kuliko za jirani yake kwenye rafu.

Jingine ni ukuta wa zege. Swichi yenye picha ya nyundo kwenye drili ya kawaida huendesha vibamba viwili vyenye meno vinavyorukiana, na nguvu yote ya kugonga hutoka begani kwako. Inatosha kwa tofali. Kwa zege ni mateso ya mashine na ya mtumiaji. Azima au kodi drili ya nyundo yenye mfumo wa SDS (biti zake huchomekwa na kujifunga zenyewe) kwa siku hiyo moja, ambayo nyundo yake inaendeshwa na pistoni inayosukuma hewa ndani ya mashine, na uiache drili yako ibaki ya mbao.

Dukani, kabla hujaulizia bei, ulizia kaboni, swichi na amecha za toleo hilo. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha hata kaboni anakuuzia mashine ya kifo kimoja. Nimeona swali hilo likipunguza machaguo kumi hadi mawili, na machaguo mawili ndiyo mtu anaweza kuyafikiria vizuri.

Mtumba nao una nafasi yake, na mashine nyingine za mtumba ni imara kuliko mpya za bei hiyo hiyo, ila soma kibao cha volti kabla ya kitu chochote. Umeme wetu Tanzania ni volti 230. Mashine zinazotoka Japani ni za volti 100, za Marekani ni za volti 120, na zile za Uingereza zenye plagi ya manjano ya mviringo ni za volti 110, kwa kuwa maeneo ya ujenzi ya huko hutumia umeme ulioshushwa kwa ajili ya usalama. Mashine ya aina hizo ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi yetu huungua kwa muda mfupi sana, na transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kuibeba ni nzito na inaweza kula faida yote ya bei ndogo.

Kuhamia kwenye betri

Nilikuwa na chuki ya muda mrefu dhidi ya drili za betri, na katika kuandika haya nimeona kwamba chuki hiyo ilitokana na mashine za kizazi kilichopita. Betri za nikeli na kadmi zilikuwa nzito na zilijimwaga chaji zikiwa zimelala. Tangu betri za lithiamu zilipoanza kuingia kwenye mashine hizi, miaka ya katikati ya 2000, mizani imebadilika.

Kwa kufunga skrubu hazina mshindani. Zina pete shingoni ya kuchagua nguvu, ambayo huachia skrubu ikifika kina chake badala ya kuzamisha kichwa au kukata shingo, na gia ya chini huzunguka mizunguko 400 au 500 kwa dakika, kasi ambayo mkono unaweza kuifuata. Anayeunganisha samani, anayefunga mapazia nyumbani kwa ndugu, au anayefanya kazi kwenye kiwanja ambacho umeme haujafika, asijitese na waya. Umeme unapokatika katikati ya kazi, betri iliyochajiwa jana humaliza mlango uliobaki.

Hata hivyo lazima hesabu ya nishati ifanywe kwa macho makavu. Betri ya volti 18 na ampea-saa 2 ina wati-saa 36. Drili ya waya ya wati 600 ikifanya kazi kwa nguvu yake yote ingemaliza kiasi hicho cha nishati kwa chini ya dakika nne. Ni kweli kwamba hakuna anayetoboa kwa nguvu zote mfululizo, na kwamba mota za betri zisizo na kaboni hupoteza nishati kidogo kuliko zenye kaboni. Hata hivyo mwenye kutoboa matundu makubwa 40 kwenye mtiki au mninga atahitaji betri mbili na subira, au tatu. Usidanganyike na maandishi ya volti 20: seli tano za lithiamu za volti 3.6 ni volti 18 katika kazi, na 20 ni kipimo cha betri iliyojaa tu.

Kinachoniumiza zaidi ni umri. Betri ya lithiamu huzeeka hata ikiwa kabatini, na joto huharakisha uzee huo. Kwenye banda la bati la Dar es Salaam au Morogoro mwezi wa Februari, betri iliyoachwa ndani yake imejaa chaji hupata mazingira mabaya kuliko yote. Iliyoachwa tupu kwa miezi nayo hushuka chini ya kiwango ambacho chaja inakubali kuipokea. Anayechagua njia hii ahamishie betri ndani ya nyumba mahali pa baridi, aziache zikiwa nusu wakati wa mapumziko marefu, na azikague kila baada ya miezi miwili au mitatu. Tena akumbuke kwamba hanunui drili tu: umbo la betri hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na mtengenezaji akiliacha umbo hilo, mashine nzima yenye mota nzima hugeuka pambo. Drili ya waya ya mwaka 1985 bado inachomekwa leo; nyingi za betri za miaka ya 1990 zimekufa kwa kukosa betri, si kwa kuharibika.

Niliyoyachagua, na kwa nani yanafaa

Kwa mwenye banda lake, soketi yenye ardhi, na kazi za mbao ngumu, nashauri drili ya waya yenye gia mbili, iliyonunuliwa baada ya kuona spea zake. Kwa mwenye kuhama hama na kufunga skrubu zaidi ya kutoboa, achukue ya betri yenye betri mbili, na kama tayari ana grenda au msumeno wa kampuni fulani, abaki na umbo hilo la betri. Kwa ambaye drili yake imekufa kaboni, beringi au waya, asinunue chochote zaidi ya spea.

Mimi nilinunua ya waya yenye gia mbili. Ile ya zamani niliifungua mezani jioni moja nikiwa na mwanangu wa mwisho, nikamwonyesha kila sehemu na kazi yake. Kichwa cha kushikia biti cha milimita 13, ambacho kilikuwa hakijachakaa, uzi wake ulilingana na wa mashine mpya, nikakihamishia huko. Mshiko wa pembeni nao ulikubali. Waya, uliokuwa bado mlaini, uko kwenye taa ya meza ya useremala. Amecha iliyoungua niliiacha kwenye rafu juu ya mashine mpya, mahali ninapoiona kila ninapotaka kutoboa tundu la tano bila kupumzisha mota.